Juisi ya jana si juisi ya leo



Kijana mmoja mzaliwa wa Izimbya, Wilaya ya Bukoba, ambaye anaishi na familia yake nchini Uingereza, ameniletea swali ambalo nimeona si la kwake peke yake. Anasema: "Maalim, kila msimu wa matufaha jirani yetu, mzee wa Kiingereza, hutuletea ndoo nzima ya matufaha kutoka bustanini kwake. Safari hii alituletea pia chupa mbili za kinywaji alichotengeneza mwenyewe. Akasema ni 'cider', ni matufaha matupu, hakuna alichoongeza. Mimi nikakumbuka omuramba wa nyumbani, nikataka kuonja. Mke wangu akakataa hata kufungua chupa. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, tunaweza kutengeneza ya kwetu wenyewe?"

Jibu la swali la kwanza ni fupi: mkeo ndiye aliyekuwa sahihi, na mshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukupa mke mwenye tahadhari. Jibu la swali la pili ni ndiyo, mnaweza, na ni jambo jema. Lakini nimeamua kulijibu swali hili gazetini kwa sababu linatuhusu pia sisi tuliobaki nyumbani, kuanzia Izimbya na Katoro hadi Kamachumu na Muleba. Tunaweza kumcheka kijana wa watu kwa kutaka kuonja asichokijua, hali ya kuwa madumu yetu wenyewe hatuyajui.

NENO MOJA, VINYWAJI VIWILI

Ni vyema ieleweke kuwa neno hilo "cider" lina maana mbili kutegemea uko nchi gani. Nchini Marekani mara nyingi hutumika kwa juisi ya matufaha isiyochacha, yenye rangi ya maji ya matope, ambayo huuzwa msimu wa mavuno na hata watoto wa shule hunywa. Huko iliyochacha huongezewa neno la kuonyesha kuwa ni kali. Nchini Uingereza neno hilo hilo, bila nyongeza yoyote, ni pombe. Chupa nyingi za dukani huko huwa na kilevi cha asilimia 4 hadi 8, yaani sawa na bia au zaidi. Ile inayotengenezwa majumbani haina hata karatasi ya kukuonyesha kiwango chake.

Mzee yule hakudanganya aliposema hakuongeza kitu. Tatizo ni kwamba pombe haihitaji kuongezewa kitu. Hata zabibu, tende na asali, vitu vitamu na halali, ndivyo Sayyidna Umar (R.A.) alivyovitaja juu ya mimbari, pamoja na ngano na shayiri, kuwa ndivyo vilivyokuwa vikitengenezewa khamri wakati aya ya kuharamisha iliposhuka. Kisha akaeleza kuwa khamri ni kila kinachofunika akili. Kwa hiyo usiulize tu kinywaji kimetoka tunda gani. Uliza kimefikia wapi.

Na tusisahau kuwa Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya watu watakaokuja kunywa khamri na kuiita kwa jina lisilo lake. Jina zuri haliwezi kuhalalisha kilichomo ndani ya chupa, liwe jina la Kiingereza au la Kihaya.

NA SISI WA KAGERA TUJITAZAME

Kila aliyekulia Buhaya anaujua omuramba. Ndizi za embire huivishwa kwa siku kadhaa, huondolewa maganda, husukwasukwa pamoja na nyasi safi hadi zitoe maji, kisha huchujwa. Kinachopatikana ni juisi tamu ambayo mtoto na mzee wanaipenda. Wasiokuwa Waislamu huichukua juisi hiyo hiyo, wakaitia mtama uliokaangwa, wakaifunika mahali penye joto, na baada ya siku moja au mbili inakuwa rubisi. Rubisi nayo ikichemshwa na mvuke wake kukusanywa inatoka gongo, ambayo mbali na uharamu wake imeshawapofusha na kuwaua watu wengi.

Basi tazama jinsi njia ilivyo moja. Omuramba na rubisi vinatoka mtumbwi mmoja. Kinachovitenganisha ni mtama na muda. Wengi wetu tunaamini kuwa ukishaukwepa mtama basi umesalimika. Hapo ndipo kosa lilipo, kwa sababu mtama huharakisha tu. Muda peke yake unatosha.

Niliwahi kuhudhuria walima mmoja huku kwetu Kagera. Ndoa ilifungwa Jumamosi, na omuramba ulikuwa umekamuliwa Alhamisi jioni ili akina mama wapate nafasi ya kushughulika na pilau. Nia ilikuwa safi kabisa. Jumamosi mchana majagi yalipopita, juu yake palikuwa na povu jembamba. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alionja kidogo, akaiweka glasi chini, akaniambia kwa sauti ya chini: "Maalim, huu umeshaamka." Tulipoinuka kwenda kuzuia usigawiwe, upande wa watoto walikuwa wamekwisha kunywa.

Hakuna aliyekusudia kuwanywesha watoto wa Kiislamu kilevi siku ya sunna ya Mtume wao. Lakini ndicho kilichotokea, na ninaogopa kuwa si mara moja wala si nyumba moja. Ndiyo maana nasema wazi: omuramba uliolala siku mbili bila kuchemshwa wala kuwekwa kwenye baridi usiletwe kwenye hafla ya Waislamu, hata kama aliyeuleta ni shekhe.

KINACHOTOKEA NDANI YA DUMU

Juu ya maganda ya matunda, kwenye vyombo, mikononi na hata hewani kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ni jamaa wa hamira tunayotia kwenye maandazi. Vijidudu hivi chakula chake ni sukari. Vikiingia kwenye juisi tamu vinakula sukari hiyo na kutoa vitu viwili: hewa, ambayo ndiyo povu tunaloliona, na kilevi. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyelithibitisha jambo hili katika miaka ya 1850 na 1860, na akaonyesha kuwa ukipasha kinywaji joto la kutosha vijidudu hivyo hufa na kinywaji hakichachi haraka.

Kasi yake hutegemea joto. Kwenye jokofu huenda polepole. Jikoni karibu na moto, au kwenye dumu lililofungwa na kuachwa juani, huenda mbio. Ndiyo maana haiwezekani kusema kwa kila nyumba kuwa juisi hubadilika saa fulani. Ladha nayo haitoshi kuwa hakimu, kwa sababu kilevi huanza kujijenga wakati utamu bado upo, na utamu huo ndio unaoficha.

Wapo watakaosema: "Hata ndizi mbivu na mkate vina chembe za kilevi, mbona mnakula?" Ni kweli chembe hizo zipo, na wanazuoni wengi hawazihesabu kwa sababu hata mtu akila kiasi gani hawezi kulewa. Lakini kanuni tuliyofundishwa na Mtume (S.A.W.) ni kuwa kile ambacho kingi chake kinalevya, basi kidogo chake pia ni haramu. Juisi iliyochacha iko upande huo wa pili.

MTUME (S.A.W.) ALIKUNYWA, LAKINI KWA SAA

Wapo pia ndugu zetu ambao, kwa kuogopa, wamekata shauri kuuacha omuramba kabisa na kuwapa watoto soda. Nia yao naiheshimu, lakini naona wamevuka mpaka upande wa pili. Kilicho halali hakiharamishwi kwa uvivu wa kukitunza.

Katika Sahih Muslim, Bibi Aisha (R.A.) anasimulia jinsi walivyokuwa wakimlowekea Mtume (S.A.W.) nabidh kwenye kiriba. Iliyolowekwa asubuhi aliinywa jioni, na iliyolowekwa jioni aliinywa asubuhi. Naye Ibn Abbas (R.A.) anasimulia kuwa zabibu zilizolowekwa zilinywewa hadi jioni ya siku ya tatu, na kilichobaki baada ya hapo hakikunywewa naye tena, kikapewa mtumishi au kikamwagwa. Hapa tuna kinywaji kitamu cha matunda, kama omuramba, na tuna kiongozi wa Umma anayekihesabia muda wake. Wala mtu asizichukue siku hizo tatu kuwa ruhusa ya kila kinywaji. Zabibu zilizolowekwa majini si sawa na juisi nzito ya ndizi iliyosukwasukwa kwa mikono na nyasi. Kinachoangaliwa ni kuchacha, na ndizi zinaweza kuwahi zaidi.

Kuna jambo jingine linalonishangaza kila ninapolisoma. Ujumbe wa kabila la Abdul Qays ulipofika Madina, miongoni mwa waliyokatazwa ni kuloweka nabidh katika vyombo vinne. Viwili kati yake ni kibuyu na gogo la mtende lililochimbwa ndani. Ndugu yangu wa Izimbya, je, si hivyo hivyo tunavyovitumia sisi, mtumbwi wa gogo na kibuyu? Wanazuoni wameeleza kuwa vyombo hivyo huharakisha kuchacha bila mtu kutambua, ilhali kiriba cha ngozi kikijaa hewa huvimba na kukutahadharisha. Baadaye Mtume (S.A.W.) aliruhusu vyombo vyote kwa sharti la kutokunywa kilevyacho. Kwa hiyo kibuyu si haramu. Lakini sababu iliyotajwa bado ipo: kibuyu na gogo vina matundu madogo yanayohifadhi mabaki ya juisi ya juzi, na mabaki hayo ndiyo hamira ya juisi ya leo. Ukiweza, tumia beseni na sufuria za chuma cha pua au ndoo safi ya plastiki ya chakula.

USAFI NI SEHEMU YA SUALA HILI

Kuchacha si hatari pekee. Mwaka 1996 nchini Marekani na Kanada watu zaidi ya 60 waliugua, na mtoto mmoja mdogo akafariki, kwa kunywa juisi ya matufaha ya kiwandani ambayo haikuwa imepashwa moto. Ilikuwa na bakteria wanaotoka kwenye kinyesi cha wanyama. Kama hilo lilitokea kiwandani, itakuwaje kwa matufaha yaliyookotwa chini ya mti, au ndizi zilizokanyagwa kwa miguu na kuongezewa maji ya mtoni?

Sisi wa Kagera tumeshapewa mafunzo makali. Mlipuko wa Marburg ulitufika Wilaya ya Bukoba mwaka 2023, na mwaka 2025 ukatokea Biharamulo. Siku zile kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Mbona hofu ilipoondoka ndoo nazo zikaondoka? Kupokezana mrija mmoja au kikombe kimoja watu kumi ni desturi ya kale, lakini si desturi ya kuihifadhi. Mtume (S.A.W.) alikataza kupumulia ndani ya chombo na kunywa kwa kuweka mdomo kwenye kiriba, na akaamrisha vyombo vifunikwe usiku.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Ewe kijana uliye Uingereza, na wewe mama uliye Izimbya, hatua ni zile zile. Tofauti ni tunda tu.

1. Chagua matunda mazima. Tufaha lililooza litupe lote, usikate upande mbovu ukadhani umepona, kwa sababu baadhi ya ukungu wa matufaha hutoa sumu inayosambaa ndani ya tunda na haiondoki kwa kuchemsha. Ndizi zilizotafunwa na popo, ndege au panya nazo zisitumike.

2. Osha mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni. Osha matunda kwa maji safi kabla ya kuyakata au kuyamenya. Vyombo vioshwe kwa sabuni kisha visuuzwe kwa maji yaliyochemka.

3. Kwa matufaha, ondoa kokwa na sehemu ngumu ya katikati, kwa kuwa mbegu zake zikisagwa zina sumu kidogo. Saga kwa blenda pamoja na maji kidogo yaliyochemshwa, kisha kamua kwa kitambaa cheupe kisafi. Kwa ndizi, sukasuka kwa mikono misafi, si kwa miguu, ukitumia nyasi zilizooshwa na kumwagiwa maji ya moto. Maji ya kuongeza yawe yaliyochemshwa na kupoa.

4. Chuja, kisha weka jikoni mara moja, usingoje kesho. Mwenye kipimajoto apashe hadi nyuzi 75 na kuiacha hapo dakika moja au mbili. Asiye nacho aache ichemke kidogo. Ladha itapungua, lakini bora ladha ipungue kuliko kumuuguza mtoto.

5. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa zilizosafishwa kwa maji ya moto, funika, ipoe, kisha weka kwenye jokofu. Ukishafungua chupa, imalize ndani ya siku mbili au tatu. Asiye na jokofu anywe siku hiyo hiyo. Asitie hamira, zabibu wala mkate kwa kudhani anaongeza ladha.

6. ANDIKA SAA. Bandika karatasi kwenye kila chupa na kila dumu: siku na saa ya kukamua. Hatua hii haina gharama yoyote, na kwangu mimi ndiyo muhimu kuliko zote.

Ukiona povu linalopanda lenyewe, dumu limevimba, kifuniko kinalia "pss" ukifungua, au harufu imekuwa kali, usionje ili kuhakikisha. Mwaga. Na usiihifadhi kwenye chupa ya kioo iliyobanwa, kwani hewa ikijaa chupa inaweza kupasuka na kujeruhi watu.

Mwisho wa hatua, neno kwa wenye kisukari: omuramba na juisi ya matufaha vyote ni sukari tupu, hata kama hakuna kijiko ulichoongeza. Hata kwa mwenye afya, glasi ndogo moja kwa siku inatosha. Watoto wachanga chini ya mwaka mmoja wasipewe.

JE, IKIGEUKA SIKI?

Watauliza wengine: juisi iliyochacha nikiiacha ikawa siki, je? Siki ni halali, na Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo bora. Siki ya matufaha inayouzwa madukani isichanganywe na kile kinywaji cha jirani, ingawa majina yake yanafanana. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi Afrika Mashariki, khamri iliyogeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu imetoharika, ama iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu haijatoharika. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wana wasaa zaidi. Lakini tusilifanye hili kuwa kisingizio cha kufuga madumu ya rubisi uani kwa jina la siki. Alipoulizwa kuhusu pombe ya mayatima, kama inaweza kugeuzwa siki, Mtume (S.A.W.) alijibu hapana, ikamwagwa, ijapokuwa ilikuwa mali ya mayatima.

TUANZE NA HAFLA ZETU

Najua jawabu la baadhi ya wazee: "Sisi tumekunywa hivyo tangu utoto na tuko hai." Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini zamani omuramba ulikamuliwa asubuhi na kunywewa jioni na watu wa nyumba moja na jirani. Leo unakamuliwa lita mia mbili kwa ajili ya harusi, unasafirishwa kwa pikipiki kwenye madumu yaliyokuwa na mafuta, na kusubiri siku mbili. Jina limebaki lile lile, kinywaji si kile kile.

Kwa hiyo nazitaka kamati za harusi na maulidi ziweke mtu mmoja, kama zinavyomweka wa pilau, ambaye kazi yake ni vinywaji. Akamuishe asubuhi ya siku yenyewe, asimamie kuchemsha, aandike saa, na awe na ruhusa ya kumwaga bila kumuogopa mtu. Hasara ya dumu moja ni ndogo.

Na wewe kijana wa ugenini, mrudishie jirani yako wema wake. Mwambie kwa upole kuwa dini yako haikuruhusu kile cha kwenye chupa, lakini matufaha yake unayapokea kwa mikono miwili. Kisha tengeneza juisi yako, umpelekee glasi siku hiyo hiyo ikiwa ya baridi na safi. Huenda hiyo ikawa da'awa aliyoielewa kuliko maneno mengi.

Wallahu a'lam. Wabillahi Tawfiq.